Gongo lenye ufa: tuliondoe mapema

Katika softiboli, mrushaji ndiye aliye hatarini zaidi. Katika mashindano ya wanawake wa vyuo vikuu nchini Marekani, yeye hurusha mpira kutoka umbali wa mita 13.1 tu. Mpira ukipigwa kwa nguvu na kumrudia, ana chini ya nusu sekunde ya kujikinga. Sheria za magongo zipo hasa kwa ajili yake.

Kwa nini ufa ni hatari?
Wengi wetu hudhani gongo lililochakaa hupoteza nguvu. Kwa magongo ya nyuzi za kaboni, mara nyingi huwa kinyume. Gongo hili lina uwazi ndani, na ukuta wake hubonyea kidogo na kurudi kama springi. Kadiri linavyotumika, gundi inayoshika nyuzi hupata nyufa ndogo. Ukuta hulainika, na mpira hutoka kwa kasi kuliko gongo lilipokuwa jipya. Mwishowe gongo huvunjika, na vipande vinaweza kuruka.

Wengine huharakisha uchakavu huu kwa makusudi. Hulibana gongo kati ya rola, au hukwangua ukuta wake kwa ndani. Huo ni udanganyifu unaoweza kumuumiza mtu.

Sheria zinasemaje?
Chini ya sheria za USA Softball, gongo lisizidi:
■ urefu wa inchi 34 (sentimita 86.4)
■ kipenyo cha inchi 2.25 (sentimita 5.7)
■ uzito wa aunsi 38 (kilo 1.08).

Aina ya gongo hupimwa pia katika maabara, ambako kasi ya mpira isizidi maili 98 (kilomita 158) kwa saa. Likifaulu, hupewa muhuri. Lakini muhuri hauonyeshi yaliyotokea baada ya gongo kununuliwa. Kwa hiyo tulikague kabla ya kila mchezo:
■ Tazama na kupapasa: je, kuna ufa, mbonyeo au sehemu yenye makali?
■ Tikisa: je, kuna kitu kinachocheza ndani?
■ Shika kifuniko cha mwisho na kirungu cha mpini: je, vimelegea?
■ Pitisha gongo katika pete ya kupimia. Likikwama, limepoteza umbo lake.

Gongo lenye kasoro likionekana wakati wa ukaguzi, huondolewa tu. Lakini mpigaji akiingia uwanjani na gongo lililochezewa, hutolewa kabisa mchezoni.

Maswali ya kujadili
■ Gongo letu bora limeanza kutoa sauti ya ufa, na fainali ni kesho. Nani ataamua liondolewe?
■ Je, mchezaji wetu anaweza kutaja kasoro bila kuogopa kulaumiwa na wenzake?
■ Tukipewa magongo yaliyotumika, nani atayakagua kabla ya watoto kuyashika?

Gongo jipya ni ghali, lakini linaweza kununuliwa tena. Jicho la mrushaji haliwezi.