Masafa na Umbali: Somo la Minara ya Simu Jijini Nairobi

Utangulizi

Neno masafa lina maana mbili. Msafiri hulitumia kwa umbali. Mtangazaji wa redio hulitumia kwa idadi ya mitikisiko ya wimbi katika sekunde moja. Makala haya yananuia kuonyesha jinsi maana hizo mbili zinavyokutana katika mtandao wa simu za mkono. Ili kuepuka utata, hapa masafa yatakuwa ya mawimbi tu.

Uhaba wa masafa

Mfumo wa GSM, ambao ni wa kizazi cha pili cha simu za mkono, ulitengewa kwanza megahezi 25 za kupeleka na 25 za kupokea, karibu na megahezi 900. Ukanda huo hugawanywa katika njia 124, na kila njia hubeba mazungumzo 8 kwa zamu. Kwa hivyo, mnara mmoja wenye nguvu za kufikia Nairobi nzima, hata ukipewa njia zote, ungebeba mazungumzo 992 tu kwa wakati mmoja. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 4.3 jijini humu.

Matumizi ya kurudia

Mwaka 1947, wahandisi wa Bell Labs nchini Marekani walipendekeza suluhisho: eneo ligawanywe katika seli ndogo, kila seli iwe na mnara wake wa nguvu za wastani, na masafa yaliyotumika hapa yatumike tena mbali kidogo. Tuchukulie kwamba seli 7 zinagawana njia zote. Kila seli hupata takriban njia 17, yaani mazungumzo 136. Jiji lenye seli 100 za aina hiyo litabeba mazungumzo 13,600 kwa masafa yale yale.

Je, umbali utoshao ni upi? Katika mpangilio huu, minara yenye masafa sawa hutenganishwa kwa takriban mara 4.6 ya nusukipenyo cha seli. Nusukipenyo kikiwa kilomita 1, masafa ya mnara wa Moi Avenue hayafai kurudiwa Westlands, ambako hakufiki kilomita 4. Yanaweza kurudiwa Kangemi, iliyo zaidi ya kilomita 7. Kipunguzwe hadi mita 300, na umbali unaohitajika hushuka hadi kilomita 1.4. Ndiyo sababu katikati ya jiji minara husongamana.

Kudhibiti mwingiliano

Sisi wa fasihi tunaufahamu mwingilianomatini, unaoitajirisha kazi. Mwingiliano wa mawimbi, kinyume chake, huharibu: sauti hukatika au simu hukwama. Wahandisi huuzuia kwa kuinamisha antena, kugawa seli katika pande tatu, na kuiamuru simu ipunguze nguvu inapokaribia mnara. Mitandao ya 4G, iliyoanza nchini Kenya mwaka 2014, inaweza kutumia masafa yale yale katika kila seli; hapo minara jirani hupatana kuhusu wateja walio mpakani. Mkazi anayefunga kikuza mawimbi kisichoidhinishwa nyumbani huvuruga mapatano hayo, na majirani zake ndio huumia.

Hitimisho

Wengi hudhani kwamba mtandao hafifu hutibiwa kwa mnara wenye nguvu zaidi. Tumeona kwamba jiji husikilizana pale kila mnara unaponena kwa sauti ya kuwatosha walio karibu nao. Hoja hiyo imeelezeka kwa Kiswahili, nasi wanafunzi wake tusiwaachie wahandisi peke yao kazi ya kuifafanua.