Jino la mama, jino la mtoto: Wajue bakteria wa kinywani



Katika nyumba nyingi za Nkwenda, wilayani Kyerwa, kama ilivyo sehemu nyingine za Kagera, jino halizungumzwi mpaka liume. Likiuma usiku, asubuhi mtu hupita duka la dawa, akanunua vidonge vichache vya amoksilini, na maumivu yakitulia hurudi kwenye kahawa na migomba yake. Leo, inshaallah, tutaeleza kwa nini njia hiyo haimponyi mwenye jino, na vipi inaweza kuidhuru hata familia yake. Ili tuelewane, kwanza tuwafahamu viumbe wanaoishi vinywani mwetu.

KINYWA KINA WAKAZI

Mwaka 1683, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aitwaye Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ukoga wa meno yake na kuutazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Aliona vijidudu vingi vikicheza ndani yake. Hao ndio tunaowaita leo bakteria. Mpaka sasa wataalamu wamezitambua aina zaidi ya 700 katika vinywa vya watu, ingawa mtu mmoja hawi nazo zote.

Hata jirani zetu wamechunguzwa. Mwaka 2011 Ivan Nasidze na wenzake wa Taasisi ya Max Planck, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wa mate ya Batwa wa Uganda. Walikuta aina za bakteria nyingi zaidi kuliko katika mate ya wakulima wa Kongo na Sierra Leone waliowalinganisha nao.

Msomaji usiogope idadi hiyo. Wengi wa bakteria hao hawana madhara, na wengine hutulinda kwa kuwazibia nafasi wale wabaya. Usafi wa kinywa haukusudii kuua kila kilicho hai. Unakusudia kuondoa ukoga kabla haujawa makazi ya waharibifu.

NANI ANAYETOBOA JINO?

Mwaka 1924, J. Kilian Clarke alimtambua bakteria katika meno yaliyooza huko London, akamwita Streptococcus mutans. Bakteria huyu hula sukari na kutoa tindikali inayoyeyusha madini ya jino. Pia sukari ile ile huigeuza kuwa gundi inayomshikamanisha na jino, ili mate yasimwondoe.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, walichapisha ramani kamili ya vinasaba vyake, maandishi ya karibu herufi milioni 2. Ndani yake vimo vinasaba vya kutengeneza gundi hiyo na vya kuchukua sukari za namna nyingi. Kwa hiyo anayekunywa chai ya sukari kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni humwandalia mdudu huyu karamu isiyokwisha. Kila funda la sukari huleta tindikali ndani ya dakika chache, na mate huhitaji muda kuisafisha. Ni afadhali kunywa chai pamoja na chakula, mara moja ikaisha.

MTOTO HUMPATA WAPI?

Mtoto hazaliwi na bakteria huyu. Mwaka 1993 Page Caufield na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa akina mama 46 na watoto wao, waliowafuatilia tangu kuzaliwa. Watoto walio wengi walimpata, na umri wa katikati ulikuwa miezi 26. Mwaka 1995 yeye na mwenzake Li walilinganisha vinasaba vya bakteria wa mama na wa mtoto. Katika watoto kama 7 kati ya kila 10, bakteria wa mtoto walikuwa wa ukoo ule ule wa mama yake.

Njia ni mate: kumtafunia mtoto chakula, kuonja uji kwa kijiko kile kile cha mtoto, au kuramba chuchu ya chupa iliyoanguka ili "kuisafisha". Hapa hatumlaumu mama. Tunasema kwamba matibabu ya meno ya mtoto huanza kwa meno ya mama, ya baba na ya bibi anayelea. Mama mwenye matundu yasiyotibiwa ana bakteria wengi zaidi wa kumpa mwanawe.

AINA MOJA, KOO MBALIMBALI

Mtaalamu wa bakteria Mogens Kilian wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, alitumia miaka mingi kuchunguza bakteria wa kinywani na vinasaba vyao. Mwaka 2008, yeye, Dorte Haubek na wenzao, akiwemo Oum-Keltoum Ennibi wa Rabat, walitoa matokeo ya utafiti wa wanafunzi wa Morocco. Walianza na vijana 700, na baada ya miaka miwili 428 walirudi kupimwa.

Walimtafuta bakteria wa fizi aitwaye Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Ukoo wake mmoja, JP2, umepotewa na herufi 530 za kinasaba. Upungufu huo mdogo humfanya atoe kwa wingi sumu inayoua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Vijana waliokuwa na ukoo huo peke yake walikuwa na hatari mara 18 ya kuanza kupoteza kile kinacholishikilia jino, kuliko wasio na bakteria huyo kabisa. Hivyo kijana ambaye meno yake yanalegea asiambiwe kuwa ni urithi wa ukoo tu, bali apelekwe kwa mganga wa meno mapema.

BAKTERIA HUPEANA SILAHA

Hapa ndipo penye hatari ya vile vidonge vichache. Mwaka 1928 Frederick Griffith wa Uingereza aligundua kwamba bakteria wa nimonia asiye na madhara anaweza kuchukua sifa ya mwenzake aliyekufa na kuwa muuaji. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wawili walionyesha kuwa kilichochukuliwa ni DNA, yaani vinasaba.

Mwaka 2008 Kilian na wenzake walieleza udugu wa karibu uliopo kati ya bakteria wa nimonia na Streptococcus mitis, mkazi mpole wa kinywani. Wataalamu wamethibitisha kwamba bakteria wa nimonia walipata sehemu ya usugu wao dhidi ya penisilini kwa kuchukua vipande vya vinasaba kutoka kwa ndugu zao hao. Amoksilini ni ya jamii hiyo hiyo ya penisilini.

Sasa fikiri. Ukinywa vidonge vichache bila kipimo, bakteria dhaifu wa kinywani hufa na sugu hubaki. Kesho, nimonia ikimpata mtoto wako, mdudu wake anaweza kuwa ameshapewa silaha. Na jino lenyewe halijapona, kwani dawa haizibi tundu, wala haifiki vizuri ndani ya jino lililokufa, ambako damu haipiti tena.

NA MSWAKI WA MTI?

Mtume (s.a.w.) aliuhimiza mno mswaki, hasa wakati wa Swala, na maabara zimeona sehemu ya hekima yake. Mwaka 2011 Abier Sofrata na wenzake nchini Sweden walikuta katika mizizi ya mti wa mswaki kiini kinachoua haraka baadhi ya bakteria wabaya wa fizi. Mti huo hustawi nchi kavu, si migombani, hivyo mkazi wa Nkwenda akiupata aununue ukiwa mbichi, na ncha iliyotumika aikate. Hata hivyo mswaki hauna floraidi ya kutosha kuimarisha jino. Tumia vyote viwili.

TUFANYE NINI?

1. Piga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku, na mara ya mwisho iwe kabla ya kulala, kwani usiku mate hupungua. Ramadhani, fanya hivyo baada ya daku kabla ya Alfajiri.

2. Mtoto aanze kusafishwa jino la kwanza linapotokeza, kwa dawa ya ukubwa wa punje ya mchele.

3. Kila mtoto awe na kijiko chake na mswaki wake. Usimlaze na chupa ya maziwa au chai ya sukari.

4. Mama mjamzito amwone mganga wa meno kabla hajajifungua.

5. Usinunue antibaiotiki bila kuandikiwa, wala usitumie zilizobaki za mgonjwa mwingine.

6. Uvimbe wa shavu, homa, au shida ya kumeza na kupumua si jambo la kusubiri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, kinywa kinachosoma Qur'an ndicho kinachombusu mtoto. Tukitunze kwa ajili ya yote mawili. Wabillahi tawfiq.