Esansi na Mbabula Havikai Pamoja

Wamama, leo hatusemi juu ya kuhara wala chanjo. Tunasema juu ya moto, kwa sababu wengi wenu munafanya kazi karibu nao kila siku: kubanika samaki, kupika mandazi, tena kuuza esansi kwa chupa kando ya barabara.

Tarehe 2 Julai 2010, mangaribi, kamio ya esansi ilianguka pale Sange, kaskazini ya Uvira, katika bonde la Ruzizi. Esansi ikamwagika. Watu wakaja, wengine kuchota, wengine kutazama tu. Karibu palikuwa nyumba ya video, imejaa watu waliofuata mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka ghafula. Watu zaidi ya 230 walikufa, wamama na watoto pia. Tunajua bei ya esansi na tunajua njaa, hatuwacheki waliochota. Lakini wale wa mpira hawakuchota kitu.

Namna gani moto unamfikia mtu aliye mbali? Esansi inatoa mvuke. Macho hayauoni, pua tu inasikia harufu. Mvuke ule ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji mpaka ukute mbabula, sigara ao koroboi. Hapo moto unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye esansi yenyewe. Basi ukiona kamio imeanguka, usiende kuona. Kamata watoto, enda mbali, upande upepo unakotoka.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaagiza mwenye kampuni alinde usalama wa wafanyakazi. Lakini mama anayeuza esansi mbele ya nyumba yake, nani atamlinda? Yeye ndiye bosi, yeye ndiye mfanyakazi, na stoo yake ni chumba watoto wanamolala. Mama, toa bidoni inje, mbali na jiko, ifungwe vizuri. Usipime esansi usiku kwa mwangaza wa koroboi. Weka ndoo ya mchanga karibu; maji yanatawanya moto wa esansi. Usichanganye esansi na petroli hata kidogo, maana taa inaweza kupasuka mikononi mwa mtoto.

Nguo ikiwaka, usikimbie: lala chini, ujizungushe. Mahali palipoungua, mimina maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mawese, wala mayai; munganga atalazimika kuyasugua, na maumivu yatazidi. Funika na kitambaa safi, halafu uje.

Na ile chupa ya Fanta yenye petroli ndani? Mtoto anafikiri ni Fanta. Akikunywa, usimtapishe, kwa sababu petroli ikirudi juu inaingia katika mapafu. Mulete mara moja, na chupa ile pia, munganga aione.