Bodi Kongwe za Michezo: Maswali kwa Fundi

Tangu mwaka 1972, Atari ilipoweka mchezo wa Pong katika baa moja ya Sunnyvale, California, hadi miaka ya 1990, mashine za michezo za kutumbukiza sarafu zilijaa kwenye baa, maduka na kumbi za Marekani na Japani. Biashara ilipodorora, nyingi zilivunjwa na kutupwa. Zilizobaki zinafufuliwa majumbani na watu wanaojua kushika pasi ya kulehemu. Fundi anajibu maswali ya wanaotaka kuanza.

Fundi, anayeanza anunue mashine nzima au bodi peke yake?

Bodi. Kabati la Kimarekani la mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni mzigo wa watu wawili wenye nguvu, na kulisafirisha ng'ambo kunaweza kugharimu kuliko bei yake. Bodi inaingia kwenye begi la mgongoni, na mchezo wenyewe umo humo: kabati ni nyumba tu.

Anza na bodi za mfumo wa JAMMA, ambao watengenezaji wa Japani waliukubali mwaka 1985. Tangu hapo bodi nyingi zikawa na ukingo mmoja wenye pini 56, 28 kila upande, na kila pini ina kazi yake inayojulikana. Ukiwa na pawa saplai, kioo, spika na vitufe vilivyounganishwa kwenye soketi moja, unaweza kujaribu mamia ya michezo juu ya meza. Pac-Man ya 1980 na Donkey Kong ya 1981 ni za kabla ya hapo, zinahitaji adapta. Usizikimbilie kwa sababu ya jina.

Imefika. Naichomeka sasa hivi?

Subiri. Ichukue dirishani kwenye mwanga, uigeuzegeuze. Tafuta mguu wa chipu uliojikunja chini badala ya kuingia kwenye soketi, mkwaruzo uliokata njia ya shaba upande wa nyuma, kapasita iliyong'olewa na mgongano njiani, na pini za ukingo zilizobadilika rangi kuwa kahawia. Kwenye Pac-Man hilo la mwisho ni ugonjwa unaojulikana: bodi inapokea umeme wa AC kutoka transfoma na kuugeuza yenyewe, mkondo mkubwa unapita kwenye pini chache, na ukingo unaungua taratibu kwa miaka.

Kisha pima kwa mita kati ya mstari wa volti 5 na ethi. Mita ikilia, kuna shoti, usiwashe. Ukiwasha, pima volti 5 juu ya bodi yenyewe, kwenye miguu ya chipu, si kwenye pawa saplai. Chipu za jamii ya 74LS zilitengenezwa kwa volti 4.75 hadi 5.25. Waya mwembamba au soketi chafu hula volti njiani, na bodi nzima ikaonekana mbovu kumbe ina njaa.

Watu wanasema betri ndiyo adui. Kweli?

Kweli, lakini adui huyu ana sura mbili, na ukizichanganya utaua bodi kwa mikono yako.

Sura ya kwanza ni betri inayovuja. SNK ilipotoa mfumo wa Neo Geo MVS mwaka 1990, iliweka kwenye bodi betri ya kuchaji ya volti 3.6 ili kuhifadhi mipangilio na saa. Baada ya miaka mingi betri hiyo inatoa majimaji, unaona utando wa kijani na mweupe umetambaa hadi chini ya chipu za jirani. Itoe hata kama bado inaonekana safi. Majimaji yake ni alkali, kwa hiyo paka siki nyeupe kwa mswaki laini, suuza, malizia kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Halafu kwangua njia za shaba zilizopoteza rangi mpaka uone wekundu unaong'aa, pima kila moja toka mwanzo hadi mwisho, na iliyokatika iunge kwa uzi mmoja wa waya mwembamba. Ni kazi ya saa nyingi chini ya lenzi, na mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu hapo unaiokoa bodi kwa macho na subira, bila kuhitaji kipuri chochote.

Sura ya pili ni betri ambayo hupaswi kuigusa kabla hujajipanga. Capcom, katika mfumo wa CPS-2 ulioanza mwaka 1993, ilificha programu kwa msimbo, na ufunguo wa kuifungua ukawekwa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri. Betri ikifa, ufunguo unapotea. Ukiwasha unapata rangi tupu kwenye kioo. Sega nayo ilitumia ujanja wa aina hiyo kwenye baadhi ya bodi zake. Lengo lilikuwa kuzuia wizi wa programu, lakini matokeo yake ni kwamba bodi halali zilizeeka zikiwa na siku ya kufa ndani yake, na hilo linaniuma mpaka leo. Nafuu ilikuja mwaka 2016, Eduardo Cruz na wenzake walipotangaza njia ya kuurudisha ufunguo kwenye bodi ya CPS-2 bila kubadilisha mchezo wenyewe. Kwa hiyo bodi ya CPS-2 iliyozimika usiitupe wala usiiuze kwa bei ya vipuri.

Inawaka lakini picha imevurugika. Naanzia wapi?

Angalia nini kimevurugika. Ikiwa mandhari ya nyuma ni takataka lakini wahusika wanatembea sawasawa, prosesa inafanya kazi. Tafuta kwenye kumbukumbu ya mandhari. Ikiwa kila baada ya sekunde chache picha inafutika na kuanza upya, programu haisomeki: kagua volti, saa ya prosesa, kisha chipu za programu.

Chipu hizo za EPROM zina kidirisha cha kioo juu, na data hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Stika iliyobanduka ibandike upya. Kabla ya matengenezo yoyote makubwa, zitoe kwenye soketi, zisome kwa kisomaji, uhifadhi nakala, na ulinganishe na orodha za MAME, mradi wa kuiga mashine hizi kwenye kompyuta ulioanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997. Orodha hizo zina hesabu ya uhakiki ya kila chipu ya maelfu ya michezo. Herufi moja ikitofautiana, ama chipu imeoza, ama umeshika toleo ambalo bado halijarekodiwa. Hilo la pili hutokea, na ndiyo sababu nasisitiza nakala kwanza.

Chipu za mantiki zilizochapwa jina la Fujitsu zinajulikana kwa kufa miguu yake ya kutolea ishara ikiwa imeachia. Kwenye oskiloskopu unaona mstari unaoelea katikati, si juu wala chini. Usichomoe chipu kwa kulazimisha. Ikate miguu yote kwa koleo dogo, toa mguu mmoja mmoja, weka soketi. Chipu ni rahisi. Bodi haipatikani tena.

Na kioo cha chogo?

Kina hatari ya kweli. Kwenye kioo cha rangi, kifuniko cha mpira ubavuni hubeba volti zaidi ya 20,000, na chaji inaweza kubaki baada ya kuzima. Kama hujawahi kufungua TV ya chogo, mtafute fundi wa zamani wa TV akufundishe ana kwa ana. Mafundi hao bado wapo mitaani kwetu na ujuzi wao ndio huu huu. Kumbuka pia kwamba mashine ya Japani ni ya volti 100 na ya Marekani 120. Kwenye umeme wetu wa 230 au 240 lazima transfoma, na vioo vingi vinataka transfoma ya kutenganisha kabisa na umeme wa ukutani.

Nikiweka kioo bapa cha kisasa?

Kwa majaribio mezani, sawa. Lakini Asteroids ya 1979 na Tempest ya 1981 zilichora kwa mistari ya mwale wenyewe, bila nukta za kupanga. Kioo bapa hakiwezi kutoa ung'avu ule.

Kutoa kila kitu ndani na kuweka kompyuta?

Tengeneza boksi jipya kwa hilo. Kabati la zamani likishatobolewa limekwenda. Hata lililopakwa rangi na wenye biashara walipolibadilishia mchezo, ukikwangua taratibu mara nyingi unakuta michoro ya awali imelala chini.

Vipuri vitaisha?

Vingine. Zilog ilitangaza mwaka 2024 kusitisha utengenezaji wa Z80 ya asili, prosesa iliyoendesha Pac-Man, ingawa zilizokwisha kutengenezwa ni nyingi sana. Za 74LS bado zinatengenezwa. Zisizopatikana ni chipu maalumu ambazo kila kampuni ilijitengenezea. Kwa hizo tunategemea bodi mfu, au mbadala zinazobuniwa na wapenzi wenyewe. Unaponunua chipu adimu, futa juu yake kwa pamba yenye asetoni: maandishi yakitoka, yamechapwa upya. Ijaribu kwenye soketi kabla hujalehemu.