Ute Wenye Damu: Mama, Usinyamaze

Leo tunajifunza jambo ambalo akina mama wengi hulionea haya. Ni ute wenye damu unaotoka ukeni wakati si siku za hedhi. Wengine hufua kanga usiku, wakanyamaza. Wengine husema eti ni uchovu wa jembe. Hapana. Damu hiyo ina sababu zake. Tuzitazame.

1. Yai kupevuka. Katikati ya mwezi baadhi ya wanawake huona tone la damu kwenye ute. Hukoma kwa siku moja au mbili. Huo si ugonjwa.

2. Uzazi wa mpango. Vidonge, sindano, vijiti na kitanzi huweza kuleta matone, hasa miezi ya kwanza. Usiache kimya kimya. Rudi ukamwulize muuguzi.

3. Magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia huweza kuleta ute wenye damu, na maumivu wakati wa kukojoa. Mume na mke watibiwe wote wawili. Akitibiwa mmoja tu, ugonjwa hurudi.

4. Mimba. Siku zikishatimia, ute wenye damu kidogo ni dalili kwamba uchungu umekaribia. Lakini kabla ya hapo, huenda mimba inaharibika au imetunga nje ya mji wa mimba. Nenda hospitali upesi. Kama tumbo linauma sana au unaona kizunguzungu, usingoje kuche.

5. Saratani ya mlango wa mji wa mimba. Hii mwanzoni haiumi, ndiyo maana hutudanganya. Damu baada ya tendo la ndoa ni dalili yake mojawapo. Na mama aliyekwisha koma hedhi akiona damu, hata tone moja, lazima apimwe.

Saratani hii huletwa na virusi vya papiloma, nayo hukua polepole kwa miaka mingi. Kwa hiyo inazuilika. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa mji wa mimba. Pakigeuka peupe, huweza kutibiwa kabla saratani haijaingia. Tena, Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018.

Basi, kwa macho huwezi kujua ni sababu ipi. Usiweke dawa za miti ukeni, wala usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Tumia kalamu yako. Andika kwenye daftari: hedhi ya mwisho ilikuwa tarehe gani? Damu hii ilianza lini? Ni kidogo au nyingi? Hutoka baada ya tendo la ndoa? Chukua daftari hilo, uende nalo zahanati. Ukiona haya kusema, mpe mganga asome.

Akina baba, mkeo akikuambia, usimgombeze wala usimshuku. Msindikize.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mume na mke hutibiwa pamoja?
2. Ni damu ipi isiyongoja kesho?
3. Utaandika nini kwenye daftari lako?