Muda, si Kasi: Kupiga Picha za Taa za Wavuvi Usiku

Nilikuwa natafuta picha ya jalada la TFC yangu juu ya maneno ya wavuvi wa sambaza. Usiku mmoja usio na mwezi nilisimamisha trepie ufukweni mwa Ziwa Kivu, hapa Bukavu. Wavuvi walikuwa wamekwisha kuwasha taa za kuvutia samaki. Nilirudi nyumbani na picha 12, zote nyeusi tii.

Kosa lilianzia kwenye neno. Aliyenielekeza alisema: «Punguza kasi ya pazia mpaka 15», nami nikaweka 15. Kumbe kwenye kamera nyingi 15 peke yake ni sehemu moja ya 15 ya sekunde. Sekunde 15 kamili huandikwa 15", pamoja na vile vialama viwili vidogo ambavyo gizani sikuvitazama. Tofauti ya nuru kati ya hizo mbili ni mara 225! Tangu siku hiyo siwaambii wenzangu «kasi» tunapozungumzia picha za usiku. Pazia la kamera haliendi polepole. Linafunguka, linakaa wazi, kisha linafunga. Tunachopima ni muda, na «ongeza muda» haimpotezi mtu.

Usiku uliofuata nilirudi. Nilizima kizuia mtikisiko cha lenzi, kwani kamera ikiwa juu ya trepie chenyewe chaweza kuitikisa. Nililenga taa moja, halafu nikaweka fokasi ya mkono ili lenzi isianze kutafutatafuta gizani. Likafuata jaribio: ISO 1600, tundu la lenzi f/4, sekunde 1. Picha ilijaa chembechembe, lakini mwanga ulitosha. Sasa, ISO 100 ni ndogo mara 16 kuliko 1600, basi muda nao unazidishwa kwa 16. Kamera yangu haina 16, ina 15, na yatosha. Kipima muda nilikiweka sekunde 2, kidole kisije kikatikisa kamera.

Hata hivyo taa hazikutoka kama nukta. Mitumbwi husogea, na kila taa ilichora mstari majini. Nilipoweka ISO 400 na sekunde 4, mwanga ulibaki karibu uleule, mistari ikafupika. Mwalimu anayesimamia kazi yangu anapendelea hiyo ya pili. Mimi nimeweka jaladani ile ya sekunde 15: ndani yake unaona mitumbwi ilikuwa inaelekea wapi.