Nywele za Kipilipili na Dawa za Kulainisha: Namna ya Kulinda Ngozi ya Kichwa

Wagonjwa wengi wenye upotevu wa nywele hufika kliniki wakiwa wamechelewa. Paji limekwisha kupanda, au utosi umebaki laini na unaong'aa. Ngozi ya namna hiyo mara nyingi ina kovu mahali palipokuwa na vifuko vya nywele, na nywele haziwezi kuota tena. Sehemu kubwa ya madhara haya huzuilika endapo mtumiaji ataelewa nywele zake na bidhaa anazopaka.

Aina za nywele

Unywele unaoonekana hauna uhai. Umeundwa kwa protini iitwayo keratini. Sehemu iliyo hai ni kifuko kilichomo ndani ya ngozi, na umbo lake ndilo linaloamua aina ya nywele. Kifuko kilichonyooka hutoa nywele za singa. Kilichopinda hutoa nywele za mawimbi au za kipilipili.

Katika nywele za kipilipili, mafuta asilia ya ngozi hayafiki kwa urahisi kwenye ncha kwa sababu ya mizunguko, na kila mzunguko ni mahali ambapo unywele unaweza kukatika. Kwa hiyo nywele hizi huwa kavu na dhaifu zaidi zinapochanwa. Hiyo si kasoro wala ugonjwa, bali ni hali inayohitaji matunzo yake.

Viambato vya bidhaa za kawaida

Kwa kawaida lebo hupanga viambato kuanzia kilicho kingi zaidi.

• Salfeti za shampuu huondoa uchafu, lakini zikiwa kali hukausha nywele.
• Gliserini huvuta unyevu.
• Silikoni hufunika unywele na kupunguza msuguano wakati wa kuchana.
• Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini.

Dawa za kulainisha

Dawa hizi huvunja vifungo vya salfa vinavyoipa keratini umbo lake. Baadhi zina haidroksaidi ya sodiamu, ambayo watengeneza sabuni huijua kama kostiki soda. Nyingine, zinazouzwa kwa sifa ya kutokuwa na kostiki, huchanganywa papo hapo ili kuzalisha haidroksaidi ya guanidini. Aina zote mbili ni alkali kali: pH yake kwa kawaida hufikia 12 au zaidi, ilhali ya ngozi ya kichwa ni takribani 5.5. Neno "isiyo na kostiki" halimaanishi "isiyounguza".

Desturi ya saluni ya kumwambia mteja avumilie kidogo ili dawa ishike ni ya hatari. Mwasho mkali na maumivu ni dalili za ngozi kuungua. Dawa ioshwe mara moja kwa maji mengi. Ikiingia machoni, macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, ukilinganishwa na asilimia 1.64 kwa wasiotumia. Utafiti huo ulionyesha uhusiano. Haukuthibitisha kwamba bidhaa hizo ndizo chanzo.

Misuko inayobana

Rasta nzito, nywele za kuunganisha na misuko iliyokazwa huvuta vifuko siku nzima. Vipele vidogo kwenye paji, maumivu na nywele kupungua pembeni ni onyo la mapema. Msuko ukifunguliwa katika hatua hii, nywele huweza kurudi. Mvuto ukiendelea kwa miaka, kovu hujengeka. Kupaka dawa ya kulainisha na kusuka kwa kubana kwa pamoja huongeza madhara.

Ushauri kwa mtumiaji

1. Nywele zichanwe zikiwa na unyevu na kilainishi, kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia kwenye ncha.
2. Dawa isipakwe kwenye ngozi yenye kidonda, mkwaruzo au mba mkali, na ipakwe kwenye nywele mpya pekee.
3. Watoto wasipakwe dawa za kulainisha.
4. Msuko unaouma ufunguliwe siku hiyohiyo.

Kwa mhudumu wa afya

Historia ya matunzo ya nywele iulizwe bila kumlaumu mgonjwa. Paji, pembeni na utosi vikaguliwe, na kilemba au wigi vivuliwe kwa faragha. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika achunguzwe mapunye, ambayo huhitaji dawa ya kumeza. Mafuta ya kupaka pekee hayatoshi. Mgonjwa mwenye upara unaong'aa, usaha au maumivu ya utosi apewe rufaa mapema. Kifuko kilichokwisha kugeuka kovu hakirudi, lakini vile vilivyosalia bado vinaweza kuokolewa.